Kumuuliza Mtu Mzima

Ofisi yetu ipo ghorofa ya tatu, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, juu ya maduka ya vitambaa na chini ya fundi cherehani ambaye mashine zake hazinyamazi mpaka umeme ukatike. Mlangoni tumeandika "Ushauri", basi. Tulipoanza tulikuwa tumeandika neno "saikolojia", na kwa muda mrefu hakuna aliyepanda zile ngazi isipokuwa msoma mita za maji. Kariakoo hakuna anayetaka kuonekana akiingia kwa watu wanaotibu akili. Wateja wetu wengi hununua soksi au kanga njiani ili wakikutana na jirani kwenye ngazi waseme wametoka dukani. Siwalaumu. Mimi nimezaliwa mitaa hiyohiyo, naijua midomo ya watu wa kwetu.

Siku hizi sitibu sana, nasimamia vijana. Wanatoka chuo na shahada zao za saikolojia tiba, wanakaa kwetu wakiona wagonjwa chini ya macho yangu, na mimi ndiye ninayesema kama wanafaa kuachiwa peke yao au bado. Wananiogopa, najua. Nina hasira za karibu, na sina subira na mtu anayenipa maneno ya kitabuni wakati nimetaka kujua mgonjwa kasema nini. Ndiyo sheria yangu ya kwanza: niambie alichosema yeye, kisha ulichosema wewe, neno kwa neno. Usije ukaniambia "mteja ana huzuni". Huzuni kila mtu anayo, hata huyo fundi cherehani wa juu.

Sheria ya pili ni kwamba mtu akionekana amekata tamaa, unamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kwa neno hilohilo, bila kuzunguka. Watu wengi wanaamini ukilitaja neno hilo mbele ya mtu umemchulia. Si kweli. Anayelifikiria alikuwa analifikiria kabla hujafika, na mara nyingi anashusha pumzi akisikia kuna mwenzake anayeweza kulitamka.

Vijana wangu hulitamka vizuri sana wakiwa na mimi. Tunafanya mazoezi, najifanya mgonjwa, wao wanauliza. Yupo mmoja, binti wa Njombe, mpole, aliyelelewa vizuri kupita kiasi. Katika mazoezi alinikazia macho akaliuliza swali lile bila sauti kutetemeka. Nikamsifu. Kusifu kwangu ni kwa nadra, akatoka chumbani anatabasamu hadi mlangoni. Haukupita muda nikamkabidhi mgonjwa, mzee mmoja.

Mzee alikuwa mwenye duka la vitambaa, wa familia ya Kiarabu iliyokaa Kariakoo vizazi na vizazi. Kijana wake wa kiume alifariki kwenye mvua za vuli, maji yalipopanda Jangwani. Walikuwa na stoo kule bondeni. Mzee alimpigia simu kijana, akamwambia awahi kutoa majora ya vitambaa kabla maji hayajaingia. Kijana akaenda, maji yakamkuta ndani. Tangu hapo mzee alikuwa halali, hali, na akiletwa dukani anakaa kwenye kiti anatazama ukuta mpaka jioni.

Aliyemleta kwetu ni binti yake, mtoto pekee aliyebaki. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, baibui jeusi, simu mbili mkononi, anaongea haraka kama watu waliokulia nyuma ya meza ya duka. Ndiye aliyesimamia mazishi ya kaka yake, ndiye aliyelifungua duka matanga yalipoisha, na ndiye aliyekataa baba yake azeekee chumbani. Alitueleza habari yote kwa mpangilio, bila chozi, akatoka kwenda kukaa kwenye kiti cha nje huku akijibu wateja kwa simu. Nilimpenda palepale. Nikamwambia mwanafunzi wangu kwamba akikwama popote na mzee huyu, dada yule ndiye wa kumtegemea.

Mwanafunzi wangu alimpokea mzee kwa adabu ya kwao. Alisimama, akakunja magoti kidogo, akasema shikamoo. Mzee akajibu marahaba, mwanangu. Kwa namna fulani kazi iliharibikia hapo. Vitabu vya fani yetu vimeandikwa na watu wasioamkiana hivyo. Ukishaitikiwa "marahaba, mwanangu", wewe ni mtoto na yeye ni mzazi. Mzazi hamlilii mtoto, na mtoto hamuulizi mzazi habari za kufa. Nawafundisha vijana namna ya kuvuka hapo bila kuvunja heshima. Ila kufundishwa ni kitu kingine, na kukaa mbele ya mzee wa ndevu nyeupe anayekuuliza kama umekula ni kitu kingine kabisa.

Baada ya vikao viwili nikamuuliza kama ameshauliza lile swali. Akasema ameuliza. Kwa neno lenyewe? Kwa neno lenyewe, Madam, na mzee amesema hapana. Nikashukuru Mungu, tukaendelea.

Mzee alikuja kila wiki, amenyooka, kofia imepigwa pasi. Alimuuliza mwanafunzi wangu habari za baridi ya Njombe na za wazazi wake. Kila alipokaribia kuitaja ile simu aliyompigia kijana wake, mwanafunzi wangu alimpa pole na kumwambia ni mapenzi ya Mungu. Niliposikia hilo nilimgombeza vibaya. Nilimwambia maneno hayo mzee amekwishaambiwa na msikiti mzima, amefunikwa nayo hadi hapumui. Kinachomkaba ni kwamba yeye ndiye aliyempigia simu, na hakuna hata mtu mmoja Dar es Salaam nzima aliyemwacha aseme sentensi hiyo mpaka mwisho. Kila akianza anazibwa mdomo kwa Mungu. Mwanafunzi wangu akalia. Nikampa kitambaa afute macho, nikamwambia mgonjwa wa saa nane ameshafika.

Ikaingia Shaaban. Asiyeijua Kariakoo ya Shaaban hawezi kuelezwa akaelewa: watu wananunua kanzu, tende, mapazia, vyombo, mikokoteni inapita juu ya vidole vya watu, na spika za wauza nguo zinashindana mtaa mzima. Familia zinapanga pa kwenda kuvunja jungu kabla ya mfungo. Na Waislamu tunaombana radhi. Unakutana na jirani, anakwambia nisamehe kwa yote niliyokukosea, kwa kujua na kwa kutojua, nawe unamjibu nimekusamehe, nisamehe na mimi. Wiki hiyo nilikuwa nimeshaombwa radhi na muuza maji, na mpangaji wa chini, na hata mwenye nyumba, ambaye kusema haki ana mengi ya kuombea.

Siku yenyewe mwanafunzi wangu aliingia chumbani kwangu baada ya swala ya Adhuhuri akiwa na sahani ya halua. Alikuwa amechangamka. Mzee alikuwa amekuja asubuhi, akasema, na safari hii ni mtu mwingine kabisa: amelala usiku, amevaa kanzu mpya, amecheka. Ameleta halua, ameshukuru kwa kila kitu. Ameanza kukubali, Madam, akasema. Hata radhi ameniomba.

Nikamwambia vizuri, nipe maneno yake. Nilikuwa nimeshamega kipande cha halua.

"Alisema, 'Mwanangu, niwie radhi. Siku ile uliponiuliza, nilikujibu kama mtu anavyomjibu mtoto.'"

Kile kipande nilikirudisha kwenye sahani. Radhi ya Shaaban ni ya jumla. Mtu hakai akachambua kosa moja moja, anasema kwa kujua na kutojua, mnapeana mikono, yamekwisha. Anayekutajia kosa lenyewe, siku yenyewe, ni yule anayesafiri na hajui kama atarudi. Marehemu bibi yangu alitufanyia hivyo alipokwenda Hijja na afya yake ile, akapita nyumba hadi nyumba akitaja hata sufuria aliyoazima asirudishe.

Nikamuuliza ni siku ipi hiyo, na alimuuliza nini.

Uchangamfu wote ukamtoka usoni.

"Ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza, 'Mzee, huna mawazo mabaya, sivyo?'"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Hapana, mwanangu, usiwe na wasiwasi.'"

Halafu yakamtoka yote. Kwamba alijaribu, akalifikisha neno hadi mdomoni, likagoma. Kwamba kwao mtu mzima haambiwi vile, ni sawa na kumtukana. Kwamba aliniambia amelitumia neno lenyewe kwa sababu aliogopa nitakavyomtazama. Alikuwa ananitazama huku akisema hayo, anasubiri radi. Na kweli nilikuwa na hasira, nyingi, nusu kwake na nusu kwangu mwenyewe, maana kijana anayeogopa kukwambia ukweli hajazaliwa hivyo. Lakini hasira haikuwa na nafasi. Mzee alikuwa ameulizwa na mtoto mwenye hofu, akafanya ambacho mzazi yeyote angefanya, akamtuliza. Na leo alikuja kuuondoa ule uongo kabla ya kwenda zake.

Nilimpigia simu binti yake. Simu ya kwanza haikupokelewa, ya pili ilikuwa inatumika. Nikachukua mkoba, nikamwambia mwanafunzi wangu twende.

Duka halikuwa mbali, lakini katika Shaaban kila hatua ni ugomvi. Nilisukuma watu ninaowaheshimu. Mbeba mizigo mmoja alinitukana, nikamrudishia, mwanafunzi wangu akashangaa nadhani, maana hajawahi kunisikia nikiongea Kiswahili cha kwetu hasa. Magoti yaliniuma. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni, bado, bado, mzee, bado kidogo. Niliogopa sana. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeshapoteza watu, na kila mara nadhani nimezoea.

Duka lilikuwa limejaa. Binti yake alikuwa mezani, anapima kitambaa kwa mkono mmoja, simu ameibana begani. Alipotuona aliinua nyusi, akamaliza kupima kwanza. Nikamuuliza baba yuko wapi. Akasema yupo stoo ya hapa juu, amepumzika, amesema asiamshwe mpaka Alasiri, na kwamba leo yu mzima kweli, asubuhi amempitia kila jirani wa mtaa kuomba radhi. Alisema hayo kwa furaha, kama mtu anayetushukuru. Nikapita pembeni ya meza nikaanza kupanda ngazi, mwanafunzi wangu nyuma yangu.

Mzee alikuwa amekaa juu ya majora, chini ya balbu moja, amevaa ile kanzu mpya, kofia ameivua ameiweka pembeni. Alikuwa hai. Alitutazama kwa utulivu, kisha malezi yake yakamshinda, akasema karibuni, karibuni, samahani huku hakuna hata pa kukaa.

Nilikuwa tayari kuuliza mwenyewe. Mdomo ulishafunguka. Mwanafunzi wangu akanishika mkono, si kwa nguvu, akapita mbele yangu. Akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba. Akakaa kwenye majora yaliyomkabili, magoti yao karibu yagusane.

"Mzee, unafikiria kujiua?"

Mzee hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Ilikuwa ni namna ile mtu mzima anavyomtazama mwenzake mtoto wa watu anapokosa adabu, akitarajia amkanye. Sikumkanya. Chini mteja alikuwa anabishania rangi ya pazia. Mzee akamgeukia tena mwanafunzi wangu, akamtazama, na binti huyo kwa mara ya kwanza hakuinamisha macho.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Leo."

Alichokuwa amekiandaa alikuwa amekificha nyuma ya majora, akakitoa mwenyewe na kumpa mwanafunzi wangu. Sitakitaja. Akakipokea kwa mikono miwili, kama tunavyofunzwa kupokea kitu kwa mkubwa, akanipa mimi nikakitia mkobani. Kisha mzee akaanza kusema. Alisema yeye ndiye aliyepiga simu. Kijana alikuwa nyumbani anakula, alimsikia anatafuna, na alimwambia kula utakula baadaye. Alisema hivyo mara kadhaa, kwamba alimsikia anatafuna. Mwanafunzi wangu hakumwambia ni mapenzi ya Mungu. Alisema, "Ulimsikia anatafuna," na mzee akalia kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika dukani.

Ndipo binti yake alipopanda. Sijui alikuwa amesimama kwenye ngazi tangu lini. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akaokota kofia pale chini, akasema gari haliwezi kuingia mtaa huu, tutoke kwa nyuma, bajaji zipo kwenye kona. Alimwita jirani amshikie duka. Alikuwa ameshapanga kila kitu kabla mimi sijamaliza kumweleza.

Njiani kwenda hospitali nilimpigia simu daktari wa akili wa huko ninayefahamiana naye. Kwenye dirisha la mapokezi walipouliza mzee anaumwa nini, binti yake alijibu upesi kwamba ni presha, akanigeukia kwa macho ya kuniomba. Nikamwelewa. Sheria zetu bado zinamwona aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na watu wa mtaani ni wakali kuliko sheria. Nikanyamaza, nikamweleza daktari pembeni. Wakampokea mzee, wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa.

Tukabaki sisi watatu kwenye benchi la nje. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutosikia miguu, na nitasema kweli, nilikuwa naona fahari. Mzee yu hai. Mwanafunzi wangu ameuliza. Nilikuwa naandaa kichwani namna ya kumpa pongezi bila kumharibu, na pia namna ya kumwambia kwamba uongo ule bado tutauzungumza. Nikaenda kununua maji.

Niliporudi, binti wa mzee alikuwa kwenye simu. Kofia ya baba yake ilikuwa mapajani mwake, anainyoosha kwa kiganja huku akitoa maelekezo: nani afunge duka, nani apelekewe kile kitambaa alichokilipia, shangazi waambiwe nini na nani asiambiwe. Sauti imara kabisa. Nikawaza, huyu Mungu kamuumba kwa chuma. Alipokata simu, mwanafunzi wangu alisogea karibu naye kwenye benchi. Hakunitazama kwanza kama alivyozoea.

"Dada," akamwambia, "na wewe unafikiria kujiua?"

Nilitaka kumzuia. Niliona amekosea, amelipata neno leo na sasa anamgawia kila mtu, na mwanamke huyu siku yake ilikuwa imetosha. Nilishanyoosha mkono na chupa ya maji ili nilikatishe jambo hilo. Binti wa mzee hakuipokea. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya kofia. Alimgeukia mwanafunzi wangu, akamtazama taratibu, na alipoongea ilikuwa kwa sauti ileile ya dukani.

"Nani kakwambia?"